Joto Ndani ya Fuwele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kukadiria Mwendo wa Fononi

Maswali haya hujirudia kila mwanafunzi wa fizikia ya yabisi anapoanza kukokotoa upitishaji joto. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi. Ukiwa tayari unafahamu fononi, ruka hadi swali la 5. Ukiwa umeshapata jibu na hulielewi, anza na swali la 10.

## Misingi

1. Fononi ni nini?

Atomi za fuwele zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, na hakuna hata moja iliyotulia. Kila atomi inatetema, na kwa kuwa imefungamana na jirani zake, mtetemo wake unawavuta na kuwasukuma wao pia. Hapo ndipo yanapozaliwa mawimbi yanayosafiri katika fuwele nzima. Kwa mujibu wa fizikia ya kwanta, nishati ya wimbi la namna hiyo huongezeka au kupungua kwa vipande maalumu, na kipande kimoja ndicho tunachokiita fononi. Einstein alilitumia wazo hili mwaka 1907 kueleza kwa nini uwezo wa yabisi wa kuhifadhi joto hushuka kwenye baridi kali. Mwaka 1912 Debye akaliboresha kwa kuhesabu mawimbi badala ya atomi mojamoja.

Kuna makundi mawili utakayokutana nayo kila siku. Katika fononi za sauti, atomi jirani husogea pamoja. Mawimbi yake marefu ndiyo sauti yenyewe inayopita ndani ya yabisi. Katika fononi za mwanga, atomi jirani husogea kwa kupingana, na marudio yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) huwa makubwa. Kwa kawaida fononi za sauti ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya joto kwa sababu zinakwenda kasi zaidi.

2. Je, si elektroni ndizo zinazobeba joto?

Kwenye metali, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Kwenye vihami na nusu-vipitishi kama silikoni, elektroni huru ni chache mno, kwa hiyo kazi hiyo hubaki kwa fononi. Majibu mengi hapa chini yanahusu dutu za kundi hili la pili. Metali zina swali lake, la 19.

3. Kwa nini almasi hupitisha joto kuliko shaba ilhali haipitishi umeme?

Shaba hupitisha takriban wati 400 kwa mita kwa kelvini (W/mK) kwenye halijoto ya chumba. Almasi safi ya asili hufikia takriban 2,200. Silikoni ina takriban 150, na risasi teluridi, inayotumika kugeuza joto kuwa umeme, ina takriban 2 tu.

Mwaka 1973 Glen Slack alitaja masharti manne ya fuwele isiyo metali kupitisha joto vizuri: atomi nyepesi, vifungo imara, muundo sahili, na mitetemo isiyogongana sana. Almasi inayatimiza yote manne. Kaboni ni nyepesi na vifungo vyake ni vikali, hivyo fononi zake husafiri kwa kasi kubwa na huenda mbali kabla ya kugongana. Masharti haya bado ni mwongozo mzuri wa kuanzia. Lakini ni mwongozo tu, na swali la 12 linaonyesha mahali yalipopotosha.

4. Kwa nini tukokotoe badala ya kupima?

Sababu ya kwanza ni kwamba kuna mahali ambapo kipimo hakifiki kwa urahisi. Kwenye mpaka kati ya vazi la dunia na kiini chake, kina cha takriban kilomita 2,900, mgandamizo ni takriban gigapaskali 136 na joto ni maelfu ya kelvini. Kasi ya kiini kupoa inategemea jinsi madini ya eneo hilo yanavyopitisha joto, na kuyapima maabara katika hali hiyo ni kazi ngumu kupita kiasi.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi, ni kwamba kipimo cha kawaida kinakupa namba moja. Hesabu inakuambia fononi zipi zimebeba joto, zimesafiri umbali gani, na nini kimezizuia. Mhandisi anayetaka kupoza chipu au kutengeneza kifaa cha kugeuza joto kuwa umeme anahitaji maelezo hayo kuliko namba yenyewe.

## Hesabu inavyokwenda

5. Hatua za kukadiria upitishaji joto wa fuwele ni zipi?

Unaanza na mahali zilipo atomi. Kwa kutumia nadharia ya msongamano wa elektroni, maarufu kwa herufi DFT, unakokotoa nguvu inayosukuma kila atomi. Nadharia hiyo ilijengwa na Hohenberg, Kohn na Sham mwaka 1964 na 1965, na Kohn alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Kwanza unaiacha fuwele ijiweke sawa mpaka nguvu zote zikaribie sifuri. Hatua hii watu huipuuza, na kuipuuza huharibu kila kinachofuata.

Kisha unajenga seli kubwa yenye atomi kadhaa au mamia, unaisogeza atomi moja kwa umbali mdogo sana (sehemu ya mia ya angstromu hivi), na kuona nguvu za atomi nyingine zimebadilikaje. Ukisogeza moja unapata visobadilika vya nguvu vya daraja la pili, yaani ugumu wa vile vispringi vinavyounganisha atomi. Ukisogeza mbili kwa pamoja unapata vya daraja la tatu. Hata kwa silikoni, fuwele sahili kabisa, daraja la tatu linaweza kudai mikao zaidi ya 100, na kila mmoja ni hesabu kamili ya DFT.

Daraja la pili linakupa marudio na kasi ya kila fononi. Daraja la tatu linakupa muda ambao kila fononi huishi kabla ya kugongana na nyingine. Mwisho unaingiza vyote katika mlinganyo wa Boltzmann, ambao Rudolf Peierls aliuandika kwa ajili ya fononi mwaka 1929. Mlinganyo huu ni kama daftari la mapato na matumizi: kwa kila aina ya fononi unaandika zilizoingia, zilizotoka na zilizopotea kwenye migongano. Katika umbo lake rahisi, mchango wa kila fononi ni uwezo wake wa kuhifadhi joto, mara kasi yake kwa kipeo cha pili, mara muda wake wa kuishi. Jumlisha yote, gawanya kwa ujazo.

Kati ya mlinganyo wa Peierls na hesabu ya kweli isiyo na namba ya kubahatisha zilipita karibu miaka 80. Mwaka 2007 Broido na wenzake walikokotoa silikoni na jemani kwa kuanzia nguvu za atomi tu, na majibu yakalingana na maabara. Kabla ya hapo, mifano kama ule wa Callaway wa mwaka 1959 ilihitaji kurekebishwa kwa kutumia vipimo vilevile vilivyotakiwa kukadiriwa.

6. Kwa nini daraja la tatu? Springi za kawaida hazitoshi?

Springi kamilifu ni zile ambazo nguvu huongezeka sawasawa na umbali. Mitetemo ya namna hiyo, tunayoiita hamoniki, hupishana bila kugusana kabisa. Hakuna ambacho kingeizuia fononi, na fuwele isiyo na kasoro wala kingo ingepitisha joto bila ukomo. Fuwele halisi haiko hivyo: vifungo vyake huwa vigumu zaidi vinapobanwa kuliko vinapovutwa. Tabia hii ya anhamoniki ndiyo inayofanya fuwele itanuke inapopashwa moto, na ndiyo inayofanya fononi zigongane. Kwa daraja la tatu, fononi mbili huungana kuwa moja, au moja hugawanyika kuwa mbili.

7. Migongano ya kawaida na ya Umklapp inatofautianaje, na inabadilisha nini kwenye jibu?

Mgongano wa kawaida huhifadhi mwendo wa jumla wa fononi. Unaugawa upya, lakini mkondo wa joto unaendelea kuelekea kulekule. Mgongano wa Umklapp, ambao Peierls ndiye aliyeueleza, huirudisha sehemu ya mwendo kwenye kimia cha atomi, na mkondo hupungua. Upinzani wa joto ndani ya fuwele safi unatokana na Umklapp.

Tofauti hii inakugusa unapochagua njia ya kutatua mlinganyo. Njia ya mkato, inayoipa kila fononi muda wake wa kuishi peke yake, huhesabu migongano yote kama vizuizi. Kwa silikoni kwenye halijoto ya chumba kosa lake ni dogo. Kwa almasi, na zaidi kwa grafini (tabaka moja la atomi za kaboni), migongano ya kawaida ni mingi, na njia ya mkato hutoa jibu dogo kuliko ukweli. Hapo tatua mlinganyo mzima. Programu nyingi zinaweza kufanya hivyo kwa kubadilisha mpangilio mmoja tu.

8. Ni lini nitumie uigizaji wa mwendo wa molekuli badala ya Boltzmann?

Uigizaji huziacha atomi zitembee kwa kanuni za Newton, kisha unasoma jinsi joto linavyotiririka. Faida yake ni kwamba migongano ya madaraja yote imo ndani, pamoja na kasoro na kingo ukizitaka. Hasara yake ni kwamba Newton hajui kwanta. Katika uigizaji kila mtetemo hupewa nishati sawa, hata ile ambayo kwa kweli imegandishwa na baridi. Halijoto ya Debye ya almasi (ile ambayo chini yake sana mitetemo mingi hugandishwa) inazidi kelvini 2,000, kwa hiyo kuiigiza kwa kelvini 300 ni kuwasha mitetemo mingi ambayo haipaswi kuwaka. Tumia uigizaji kwenye joto kali au kwa muundo uliovurugika. Kwa fuwele safi na ngumu, baki na Boltzmann.

9. Nahitaji programu gani? Kompyuta mpakato inatosha?

Kwa nguvu za atomi, Quantum ESPRESSO ni programu huria na ina mwongozo mzuri, VASP hulipiwa. Kwa fononi na visobadilika vya nguvu kuna Phonopy, phono3py na ALAMODE. Kwa mlinganyo wa Boltzmann, ShengBTE au phono3py yenyewe. Kwa uigizaji, LAMMPS. Isipokuwa VASP, zote hizi zinapatikana bure.

Kompyuta mpakato inatosha kujifunzia silikoni hadi daraja la pili, na hata kutatua Boltzmann ukipewa visobadilika tayari. Daraja la tatu kwa dutu mpya linahitaji kompyuta kuu. Kituo cha kompyuta kuu cha CHPC, kilichoko Cape Town, huhudumia watafiti wa Afrika Kusini na pia wa nchi nyingine za bara hili.

## Pale jibu linapogoma

10. Nimepata marudio hasi. Nimekosea wapi?

Programu huandika alama ya hasi kumaanisha kwamba kipeo cha pili cha marudio kimekuwa hasi: atomi ikisogezwa upande huo, nishati hushuka badala ya kupanda. Kuna mambo matatu yanayoweza kusababisha hali hiyo, na yana tiba tofauti.

Kama ni hasi ndogo karibu na kitovu cha ramani ya mawimbi (penye mawimbi marefu kupindukia), mahali ambapo marudio ya fononi tatu za sauti yanapaswa kuwa sifuri, mara nyingi ni hesabu iliyokazwa nusunusu. Ongeza usahihi wa DFT, kuza seli, na hakikisha kanuni ya jumla ya nguvu imetimizwa (fuwele nzima ikisogezwa pamoja, nguvu isitokee). Kama dutu ina chaji zinazopishana, mfano magnesi oksidi au gali nitridi, umeweka chaji za Born (kiasi cha chaji kinachosogea atomi inapotetema) na kisobadilika cha dielektri (jinsi dutu inavyopunguza nguvu ya umeme)? Bila hivyo fononi za mwanga karibu na kitovu zitakuwa mahali pasipo pake.

Kama hasi ni kubwa na hairekebishiki, huenda fuwele inakuambia kweli. Stronsi titani oksidi ni mfano maarufu: muundo wake wa mchemraba upo juu ya takriban kelvini 105 tu, na DFT inakokotoa hali ya sifuri kelvini. Hapo unahitaji njia zinazoingiza athari ya joto kwenye springi zenyewe. Tafadhali usizifute fononi hizo na kuendelea kana kwamba hazikuwepo. Jibu litakalotoka halitakuwa la dutu yoyote.

11. Jibu langu halilingani na la maabara. Nani amekosea?

Kabla ya kuilaumu nadharia, kagua utulivu wa hesabu: gridi ya fononi (wingi wa mawimbi unayoyahesabu), umbali wa mwisho wa nguvu za daraja la tatu, ukubwa wa seli. Ongeza kimoja kimoja hadi jibu liache kuhama. Gridi ya 19×19×19 inatumika sana kwa silikoni, lakini si amri kwa dutu yako.

Kisha angalia isotopu, yaani atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti. Almasi ya asili ina takriban asilimia 1.1 ya kaboni-13, na atomi hizo nzito kidogo hutawanya fononi. Almasi iliyosafishwa isotopu imepimwa ikizidi 3,000 W/mK. Ukilinganisha hesabu ya isotopu moja na kipimo cha fuwele ya asili, hulinganishi kitu kimoja.

Baada ya hapo uliza mwelekeo wa kosa. Maabara ikiwa chini yako, huenda sampuli ina kasoro, mipaka ya chembe au uchafu ambao hukuuhesabu, au umeacha aina ya mgongano (swali la 12). Maabara ikiwa juu yako, shuku njia ya mkato (swali la 7), kadirio la DFT ulilochagua, au joto linalopita kwa njia nyingine (swali la 15).

12. Migongano ya fononi tatu inatosha?

Kwa muda mrefu wengi tuliamini hivyo, hasa kwenye halijoto ya chumba. Boroni arsenidi ndiyo iliyobadilisha mambo, na kisa chake kila anayekokotoa fononi akijue.

Kwa masharti ya Slack, arseniki ni nzito mno, na yeye mwenyewe aliikadiria fuwele hii kuwa na takriban 200 W/mK. Mwaka 2013 Lindsay, Broido na Reinecke waliikokotoa kwa njia ya swali la 5 na kupata zaidi ya 2,000, sawa na almasi. Kilichotokea ni kwamba uzito uleule ulioonekana kuwa tatizo ulikuwa msaada. Boroni ina uzito wa atomi wa takriban 11, arseniki 75. Tofauti hiyo huacha pengo pana kati ya fononi za sauti na za mwanga. Fononi mbili za sauti zikiungana, nishati yao haifikii ile ya fononi moja ya mwanga, hivyo mgongano huo hauwezekani. Isitoshe, fononi za sauti zenyewe zimebanana katika marudio kiasi kwamba tatu kati yao ni vigumu kukidhi kanuni ya nishati. Migongano ya tatu ikakosa nafasi.

Lakini njia ya tatu ikifungwa, njia ya nne hupata uzito. Mwaka 2017 Feng, Lindsay na Ruan waliongeza migongano ya fononi nne, na kadirio likashuka hadi takriban 1,400. Mwaka 2018 vikundi vitatu vya watafiti nchini Marekani vilifanikiwa kukuza fuwele nzuri na kuzipima: kati ya takriban 1,000 na 1,300.

Naona hili ni moja ya mafanikio makubwa ya fani hii. Dutu ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta ilionyeshwa na hesabu, hesabu ikajisahihisha, kisha maabara ikathibitisha. Namba ya 2013 haikutokana na uzembe. Kila kilichoingizwa kilikokotolewa vizuri, ila kilichoachwa nje ndicho kilichokuwa na uzito. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza jibu, jiulize ni migongano gani umeiacha, na kama dutu yako ina sababu ya kuifanya iwe muhimu: pengo pana la marudio, joto kali, au vifungo vya anhamoniki sana. Daraja la nne ni ghali, lakini siku hizi zipo programu zinazolifanya, ikiwemo nyongeza ya ShengBTE.

## Hali za pembeni

13. Filamu nyembamba au waya wa nano itapitisha kiasi gani?

Kidogo kuliko bonge, yaani kipande kinene cha dutu ileile. Katika silikoni ya halijoto ya chumba, karibu nusu ya joto hubebwa na fononi zenye umbali huru (umbali wa kusafiri kabla ya kugongana) wa karibu mikromita moja au zaidi. Filamu nyembamba kuliko hapo huzikata njiani. Casimir alieleza athari ya kingo mwaka 1938. Mwaka 2008 waya za silikoni zenye uso mkwaruzo na kipenyo cha takriban nanomita 50 zilipimwa zikiwa na upitishaji karibu mara 100 chini ya bonge. Usitumie umbali huru mmoja wa wastani kwa fononi zote: kadirio la namna hiyo huipa silikoni makumi ya nanomita tu, na litakudanganya kwamba filamu ya nanomita 200 haina tofauti na bonge.

14. Mwelekeo una maana?

Sana. Kinywe (grafiti), madini yale yale yanayopatikana Mahenge na Lindi, ni mfano bora. Ndani ya tabaka, fuwele yake safi inakaribia 2,000 W/mK. Kuvuka tabaka, haifiki 10. Kwa dutu za namna hii ripoti kila upande peke yake. Wastani wa pande tatu hauna maana ya kifizikia.

15. Fuwele yangu ina atomi nyingi na upitishaji wake ni mdogo sana. Fononi bado zipo?

Zipo, lakini zikiishi muda mfupi mno picha ya chembe inayosafiri hulegea. Mitetemo iliyokaribiana kimarudio huanza kupokezana joto bila kusafiri, kama Allen na Feldman walivyoonyesha kwa vioo, yaani yabisi ambazo atomi zake hazina mpangilio unaojirudia. Mwaka 2019 Simoncelli, Marzari na Mauri waliziunganisha picha hizi mbili katika mlinganyo mmoja, na Boltzmann ikawa sehemu yake. Upitishaji ukiwa karibu na 1 W/mK, tumia njia hiyo.

16. Na kwenye baridi kali?

Umklapp hufifia, upitishaji hupanda hadi kilele, kisha kingo huchukua nafasi na upitishaji hushuka kwa kipeo cha tatu cha halijoto. Katikati, migongano ya kawaida ikitawala, joto linaweza kwenda kama wimbi badala ya kusambaa. Hali hiyo huitwa sauti ya pili. Mwaka 2019 ilionekana kwenye kinywe kwa zaidi ya kelvini 100, joto kubwa kuliko lililozoeleka kwa jambo hili.

17. Ujifunzaji wa mashine umeondoa haja ya DFT?

Hapana, umepunguza idadi ya hesabu zake. Unaufundisha mfano nguvu zilizokokotolewa na DFT, kisha mfano unakupa nguvu za mikao mingine kwa gharama ndogo. Pima kwanza marudio na upitishaji wa dutu ambayo jibu lake unalijua. Kosa dogo la nguvu halihakikishi daraja la tatu sahihi.

18. Nijifunzie wapi Afrika Mashariki?

Kigali kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyofunguliwa mwaka 2018 kama tawi la ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, ambayo Abdus Salam aliianzisha mwaka 1964. Shule ya ASESMA, inayofundisha njia hizi kwa Waafrika, huhamahama. Mwaka 2012 ilifanyika Eldoret.

19. Dutu yangu ni metali. Njia hizi zinafaa?

Kwa sehemu ya fononi tu, tena ukiongeza fononi kugongana na elektroni. Sehemu ya elektroni ina hesabu yake, na kwa metali kama shaba ndiyo itakayotawala jibu.